Farasi Si Dawa ya Usonji: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kumpeleka Mtoto Zizini

Tangu shule zilipofungwa, wazazi wanaofika kliniki yetu hapa Nairobi kuuliza habari za "tiba ya farasi" wameongezeka sana. Wengi wameona video ya mtoto anayecheka akiwa juu ya farasi, wakatumiwa bei kwa WhatsApp, wakalipia vipindi kumi kwa mkupuo kabla mtu yeyote hajamwona mtoto wao. Malalamiko yanayofuata yanafanana: mtoto alipandishwa siku ya kwanza, akalia, akashushwa, na pesa hazirudishwi. Kwa kuwa kazi yangu ni fiziotherapia ya watoto, na baadhi ya watoto hawa nimewasindikiza mwenyewe hadi zizini, nimeombwa na idara nieleze mambo machache.

La kwanza nitalisema bila kuzunguka. Farasi haponyi usonji (autism). Haponyi mtindio wa ubongo. Mtu yeyote anayekuahidi kwamba mtoto ataanza kuzungumza baada ya vipindi kumi anakuuzia ahadi ambayo hawezi kuitimiza, na kila wiki ninalirudia jambo hili kwa mzazi ambaye tayari ameshalipa.

Farasi ana msaada wa aina nyingine, na msaada huo ni wa kweli. Akitembea polepole, mgongo wake husogea mbele na nyuma, juu na chini, na upande hadi upande, kiasi cha hatua 100 kwa dakika. Nyonga za mtoto aliyeketi juu yake hulazimika kufuata mwendo huo, nao unafanana mno na mwendo wa binadamu anayetembea kwa miguu yake. Kwa mtoto ambaye hajawahi kutembea, hapo kiwiliwili hujifunza kujishikilia kwa namna ambayo mimi siwezi kumpa kwenye godoro la kliniki, hata nikijitahidi vipi. Ndiyo maana tunasisitiza farasi aende mwendo wa hatua tu. Mzazi anayeomba mtoto akimbizwe kidogo "apate raha" hajaelewa alichokuja kutafuta.

Wanaodhani mambo haya yamezuka mitandaoni wamkumbuke Lis Hartel wa Denmark. Alipatwa na polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, na miguu yake kuanzia magoti kushuka haikurudi kufanya kazi. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, alisaidiwa kupanda farasi wake Jubilee, akapata medali ya fedha katika dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, ambao mwaka huo ndio kwanza wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume. Mwaka 1956 akaipata tena. Mfano wake ndio uliowasukuma wengi Ulaya kuanzisha vituo vya kupandisha farasi watu wenye ulemavu, na mwaka 1969 Uingereza ikawa na chama chake cha kitaifa cha kazi hiyo.

Upande wa hisia, kazi hufanyika chini, si juu ya tandiko. Hapa ndipo wazazi wengi hukasirika, maana wamelipia mtoto apande na wanamkuta ameshika brashi akimsugua farasi. Naomba mtusikilize. Farasi ni mnyama anayewindwa, na uhai wake hutegemea kusoma mwili wa aliye karibu naye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu, waliokasirika na waliofurahi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mbele ya uso wenye hasira mapigo ya moyo ya farasi yalipanda haraka zaidi, na farasi walielekea kuutazama kwa jicho la kushoto. Kijana anayefika akiwa amekunja ngumi mfukoni huliona jibu lake papo hapo: masikio yanalala nyuma, kichwa kinainuliwa, kwato zinarudi hatua mbili. Hakuna aliyemkaripia. Akishusha mabega na kutoa pumzi, farasi naye hushusha shingo.

Huwa ninawapa watoto stetoskopu yangu. Saisi, yaani mtunza farasi, anamshika farasi kamba, mtoto anaweka kile kichuma nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, upande wa kushoto, kisha anasubiri. Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na baina ya pigo na pigo kuna kimya ambacho mtoto hakukitarajia. Mvulana mmoja wa miaka tisa, ambaye shuleni hakai kitini dakika mbili, alisimama pale akisikiliza mpaka mkono wangu ulioshikilia neli ukaanza kufa ganzi. Hakuzungumza siku ile, na mama yake alisikitika. Mimi niliandika kwenye faili kwamba ametulia dakika sita, kwa hiari yake.

Utafiti upo, lakini usomwe kama ulivyo. Colorado, Marekani, watoto na vijana 127 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 16, waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipanda farasi kwa wiki 10, jingine likafundishwa mambo ya farasi zizini bila farasi hai. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliopanda walipungukiwa na hasira za ghafla na kutotulia, na mawasiliano yao yakaongezeka. Yalionyesha kupungua na kuongezeka. Hayakuonyesha kupona.

Sasa utaratibu. Mtoto aje kwetu kwanza, au kwa daktari wake, afanyiwe tathmini, kisha aandikiwe rufaa. Rufaa ionyeshe jina, umri, uzito, hali yake, dawa anazotumia, na lengo la vipindi. Uzito si wa kujaza nafasi tu: farasi asibebeshwe zaidi ya takriban asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Mtoto mwenye hali ya Down (Down syndrome) hapandi kabla daktari hajaikagua shingo yake, kwa sababu pingili mbili za juu huweza kuwa legevu na mtikiso ukadhuru uti wa mgongo. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa hapandi. Mwenye nyonga iliyoteguka hapandi. Sisi hatutoi rufaa ya kupanda kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, na hili halina mjadala, hata kama binamu yake alipanda mahali fulani na hakudhurika.

Mkifika zizini, ulizeni nani ataongoza kipindi na amesajiliwa na baraza gani la taaluma. Mwalimu wa kupanda farasi anaweza kuwa hodari kabisa na bado asiwe mshauri nasaha wala mtaalamu wa viungo. Hayo ni mambo matatu tofauti. Mtoto anayepanda ahitaji mtu wa kumwongoza farasi na, mwanzoni, wasaidizi wawili, mmoja kila upande, pamoja na kofia ngumu inayomkaa sawasawa. Mkikuta mtu mmoja anafanya kazi ya wote hao, rudini nyumbani.

Kuhusu picha, kwa sababu malalamiko juu yake nayo yanatufikia kwa wingi. Picha ya mtoto wako akiwa kwenye tiba ni taarifa binafsi, na ikionyesha hali ya afya yake inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumika. Kusaini fomu ya kumruhusu apande si kuruhusu picha zake zitumike kutangazia biashara. Dai fomu mbili tofauti. Picha ikitumika bila idhini, mwandikieni kwanza mwenye zizi mkimtaka aiondoe, na mhifadhi nakala ya tangazo ikiwa na tarehe. Asipojibu, pelekeni lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. La mdomo litaandikwa na ofisi yenyewe. Lalamiko linapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Si tishio la kwenye karatasi: Septemba 2023 shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Ndugu zetu wa Pwani wameuliza kama punda anafaa. Kwa kazi ya chini, ndiyo, na pengine kwa mtoto mwoga anafaa zaidi, kwa kuwa ni mfupi na hashtuki ovyo. Uingereza watoto wenye mahitaji maalumu wamekuwa wakipelekwa kwa punda tangu miaka ya 1970. Ila awe punda mwenye afya na aliyepumzika, siyo aliyeshinda akibeba mawe na mchanga, kisha jioni anakabidhiwa mtoto.

Vipindi vya jioni navyo viishe kabla jua halijazama. Wapo visubi, wadudu wadogo wanaonyonya damu, wanaotoka wakati wa magharibi na kuambukiza farasi homa inayoua wengi wao, hivyo mazizi makini huwaingiza farasi ndani mapema. Msimlaumu saisi akiwaambia muda umekwisha. Mtoto avae suruali ndefu na viatu vilivyofunikwa, asije na ndala.

Na akikataa kumkaribia farasi siku ya kwanza, msimsukume wala msimwonee haya. Msichana mmoja wa miaka kumi na mbili alikaa nje ya uzio kwa wiki tatu, amempa farasi mgongo, huku baba yake akiniuliza kila mara kama analipia benchi. Wiki ya nne aliinuka, akamwendea saisi, akamwomba ndoo ya maji.