Familia Zilizopiga Magoti Kwenye Vioo: Usisugue, Usisafirishe Bila Kibali

Kila Jumapili ya pili ya Septemba majengo ya kale nchini Ujerumani hufunguliwa kwa umma, na maswali kuhusu madirisha ya karne ya 15 huongezeka. Mengine ni ya wageni waliosimama chini ya dirisha la ukoo wa Volckamer katika kanisa la St. Lorenz, Nürnberg. Mengine ni ya watu waliorithi au kununua kipande chenye mtu aliyepiga magoti kando ya ngao yenye nembo ya ukoo. Maelezo haya ni ya jumla. Hayachukui nafasi ya uamuzi wa mamlaka ya jimbo.

Hao waliopiga magoti katika safu ya chini ya dirisha si watakatifu wala si mafundi. Ndio waliolipia dirisha. Fundi wa dirisha la Volckamer, Peter Hemmel wa Andlau, alikuwa na karakana yake Strasbourg.

Anza na ngao, usianze na sura. Sura zilichorwa kwa kiolezo kimoja, hivyo baba na wanawe huweza kufanana kama sarafu, na hilo halithibitishi chochote. Kwa kawaida mume yuko kushoto kwako unayetazama, ambako ndiko upande wa heshima, na wana wamejipanga nyuma yake. Mke yuko kulia na mabinti. Kitambaa kilichofunika nywele ni cha mwanamke aliyeolewa. Shada kichwani ni la binti ambaye bado. Msalaba mdogo juu ya kichwa humaanisha mhusika alikwisha kufariki. Mume mmoja mwenye ngao za wake wawili alioa tena baada ya kufiwa. Hakuwa na wake wawili kwa pamoja, ingawa tunaulizwa hivyo kila msimu. Na mnyama wa ngao ya mume akigeuzwa amwelekee mke, hiyo ni adabu ya nembo, fundi hakukosea.

Tahadhari moja: mahali kipande kilipo leo si ushahidi wa mahali kilipokuwa. Vioo vya kanisa la watawa Wakarmeli wa Boppard, mji wa Ujerumani, viliuzwa mwaka 1818, na leo vipande vyake viko Köln, Glasgow na New York.

Sasa suala linaloleta hasara kubwa zaidi. Utando wa kijivu upande wa nje si vumbi. Kioo cha zama hizo kiliyeyushwa kwa jivu la miti, kikawa na potasiamu nyingi na silika kidogo. Unyevu huivuta potasiamu itoke, kisha chokaa iliyomo hukutana na salfa ya hewani na kufanya jasi. Chini ya jasi kuna vishimo. Ukiikwangua, unang'oa na kioo chenyewe. (Na hapana, kioo hakitiririki kuelekea chini kadiri miaka inavyopita. Unene usio sawa ulitokana na kupulizwa kwa mdomo.)

Upande wa ndani hatari ni kubwa zaidi. Macho, vidole na maandishi ni rangi ya oksidi ya chuma au shaba iliyochanganywa na kioo kilichosagwa, ikachomwa tanurini kwa nyuzi joto 600 hivi. Ambayo haikuiva vizuri hutoka hata kwa kitambaa kibichi. Njano ya nywele na taji ni mchanganyiko wa fedha, kwa kawaida uliopakwa upande wa nje, kwa hiyo nyuma nako hakuna pa kusugua. Sabuni, siki, brashi ya waya na gundi ya dukani: vyote marufuku.

Kinachofaa ni kioo cha kinga. Paneli ya kale husogezwa ndani, kioo kipya huwekwa kwenye mfereji wake wa jiwe, na kati yao huachwa nafasi ya sentimita chache ili hewa ya ndani ya kanisa ipite kutoka chini hadi juu. Kosa linalorudiwa ni kuziba matundu ya chini na juu ya nafasi hiyo kwa kuogopa vumbi. Hewa ikikwama, umande huweza kutua upande wenye rangi.

Kuhusu vibali. Dirisha likiwa bado ndani ya jengo linalolindwa, ombi hutangulia kazi. Bavaria, jimbo lenye Nürnberg, ina sheria yake ya kulinda majengo hayo tangu 1973. Kipande kilichokwisha kutolewa jengoni, chenye zaidi ya miaka 100, kinahitaji leseni ili kitoke Umoja wa Ulaya, *bila kujali thamani*, kwa Kanuni 116/2009 ya Umoja huo. "Nilikinunua kwa bei ya chini" si hoja. Risiti ya mnada si leseni. Fomu ina karatasi tatu: ya maombi, ya mwenye leseni, na ya kurudishwa kwa mamlaka. Ambatisha picha zilizothibitishwa, zisizopungua sentimita 8 kwa 12, na upeleke kwa mamlaka ya jimbo kilipo kipande. Leseni haizidi miezi 12, na huonyeshwa forodhani wakati wa kutoka. Anayesafirisha bila kibali anakabiliwa na faini au kifungo cha hadi miaka 5 chini ya kifungu cha 83 cha sheria ya Ujerumani ya 2016 ya kulinda mali ya utamaduni. Kuandika "pambo la dirisha" kwenye tamko la forodha hakupunguzi kosa.

Kwa anayekirudisha kipande kutoka, tuseme, Marekani: Kanuni 2019/880 ya Umoja wa Ulaya kuhusu kuingiza mali ya utamaduni, inayotumika kikamilifu tangu 28 Juni 2025, inahusu vitu vilivyotengenezwa au kugunduliwa nje ya Umoja wa Ulaya. Kazi ya Nürnberg haimo. Hata hivyo beba ushahidi wa asili yake, na kama kipande kimeorodheshwa na Corpus Vitrearum, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vioo vya kale, nakala ya ukurasa husika.