Petroli haili gundi, inaihamisha tu

Juzi kijana mmoja kaniletea bango la kisomo cha watu wazima la miaka ya 1970, mali ya marehemu babu yake. "Fundi, kazi nimekupunguzia," akaniambia. "Selotepu nimeitoa yote kwa petroli. Kimebaki kidoa tu." Nikalikunjua bango mezani. Kidoa chenyewe kilikuwa kipana kama kiganja, kimezungukwa na pete ya kahawia, na ukikiinua dirishani mwanga unapenya kama kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Selotepu iliyokuwa hapo haikuzidi upana wa vidole viwili.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Sikumgombeza, kwa sababu alifanya kile ambacho kila mtu angemwelekeza. Lakini mabango niliyoyapokea yakiwa yameharibiwa na ushauri huu yamezidi yale yaliyoliwa na mchwa, na nimechoka kueleza mlangoni.

Watu husema petroli "inakula" gundi. Haili kitu. Petroli, thina, asetoni, mafuta ya taa, vyote kazi yao ni kuilegeza gundi iwe majimaji. Ikishakuwa majimaji inafuata kiyeyushi, yaani hicho kilichoilegeza, kinakokwenda, na ndani ya karatasi kiyeyushi kinakwenda kila upande, maana karatasi ni nyuzi zilizolaliana na nafasi nyembamba kati yake zinanyonya. Kinasambaa, kinafika mahali, kinaanza kukauka. Kinachoruka hewani ni kiyeyushi peke yake. Gundi inabaki pale ilipofikishwa, na nyingi inarundikana ukingoni mwa ule unyevu. Ndiyo pete. Ukiongeza petroli uifute pete, unaisogeza mbele, na sasa una pete kubwa zaidi. Mafuta ya taa ni mabaya kuliko yote: yanakawia kukauka, na yanaacha mafuta yake juu ya gundi ya zamani. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo mara nyingi imetiwa mafuta ya kulainisha na rangi, na vyote hivyo vinaingia kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo anayeniuliza "fundi, dawa gani inatoa gundi?" ananiuliza swali la pili. La kwanza ni hili: ikishayeyuka, umeiandalia njia gani ya kutokea?

Tena kuna umri wa gundi, ambao watu hawautazami kabisa. Selotepu ya kwanza ya utando angavu ilitolewa na Richard Drew wa kampuni ya 3M mwaka 1930, na Sellotape ya Uingereza, iliyotuachia jina, ikafuata 1937. Gundi yake ilikuwa mpira wa asili uliochanganywa na utomvu wa misonobari. Ikiwa changa inakaa juu ya karatasi. Miaka ikipita, hewa inaukatakata mpira. Gundi inakuwa laini, ya mafuta, ya njano, na inaanza kuzama kwenye nyuzi. Baadaye kabisa inashikamana upya, inakuwa ngumu na ya rangi ya chungwa au kahawia, na utando unadondoka wenyewe. Hapo mwenye bango hufurahi kwamba selotepu imetoka, wakati kilichodondoka ni plastiki. Gundi yote iko ndani, na katika hali hiyo karibu hakuna kinachoiyeyusha vizuri. Gundi changa hulegea kwa viyeyushi vya jamii ya petroli. Ya makamo hutaka asetoni au kiyeyushi kingine kiitwacho etili asetati. Ile kongwe hutaka subira, na subira nayo wakati mwingine haitoshi. Umri ule wa katikati ndio wa kuwahi. Tepu zenye gundi ya akriliki, zilizoingia sokoni 1961, hazigeuki njano namna hiyo, lakini nazo huzama, kwa hiyo msidanganywe na weupe wake.

Joto je? Pasi, hapana. Pasi inalainisha gundi na uzito wake unaikandamiza ndani. Mimi hutumia spatula nyembamba ya chuma iliyopashwa moto kiasi, naipitisha kati ya utando na karatasi, nikiurudisha utando juu ya mgongo wake, karibu kulala kabisa. Ukiuvuta kwenda juu unang'oa wino. Kisha gundi iliyobaki juu naiokota kwa kipande cha mpira mbichi, kidogo kidogo, bila tone la kitu chochote. Sehemu kubwa ya kazi inaishia hapa, na ndipo watu wasipotaka kukaa.

Baada ya hapo ndiyo kiyeyushi: bango limelazwa kifudifudi juu ya karatasi ya kunyonya, matone kwa nyuma, gundi inashuka chini, karatasi ya kunyonya inabadilishwa kila mara. Madirisha wazi, moto mbali. Kila rangi ya wino nimeshaijaribu kwanza kwa ncha ya pamba, maana wino wa ofseti, ule wa mashine za uchapaji, huvumilia mengi, ila wa silkiskrini, unaopitishwa kwenye kitambaa cha wavu, unaweza kuondoka na asetoni papo hapo.

Kama mnadhani haya ni mambo ya mafundi wadogo, kumbukeni Hati za Bahari ya Chumvi, yale maandiko ya kale ya Kiyahudi. Katika miaka ya 1950 wataalamu waliunganisha vipande vyake kwa selotepu, vipande vya takriban miaka elfu mbili. Maabara ya kuvihifadhi ilianzishwa Jerusalem mwaka 1991, na kuondoa ile selotepu kumekula miaka mingi.

Kuna jambo linalonisumbua hata mimi. Kiyeyushi kikipita hakichukui gundi peke yake. Kinachukua pia uchafu wa uzee wa karatasi na hata utomvu uliotiwa kiwandani kuikaza. Nimewahi kuondoa doa la kahawia nikabaki na doa jeupe, safi kuliko bango zima, linaloonekana kutoka mlangoni. Mwenyewe alinishukuru sana. Mimi sikulala vizuri, na hadi leo sijui kama nililitibu bango lile au nililijeruhi kwa namna nyingine. Pia siku hizi najiuliza kuhusu selotepu iliyobandikwa na mwenye bango mwenyewe, kwa mkono wake, ili lisichanike. Hiyo nayo ni sehemu ya maisha ya bango.

Bango la kijana bado liko mezani. Pamba imetoka na njano mara kumi na moja, na pete imefifia upande wa kushoto. Upande wa kulia, sentimita moja kutoka ukingo wa doa, babu aliandika jina lake kwa kalamu ya biki ya bluu. Petroli haikulifikia, bahati kubwa. Asetoni ikilifikia litayeyuka. Nimempigia simu kijana nikamweleza, naye amekubali: jina libaki, na upande ule doa nalo libaki. Mpasuko nitauziba kwa karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao siku yoyote mtu akitaka kuutoa, maji tu yanatosha.