Gundi ya Nembo: Kwanza Jua Rangi Ilipigwa Wapi

Kung'oa nembo kwenye buti la gari ni kazi ya dakika chache. Kinacholeta watu gerejini kwetu hapa Katwe, Kampala, ni kile kinachobaki: jina la gari bado linasomeka, ila sasa limeandikwa kwa tepu ya kijivu na vumbi. Wengi huja wakiwa wameshajaribu wenyewe. Mmoja kapitisha wembe, mwingine kasugua kwa waya wa kuoshea masufuria, na mwingine kamwagia tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwa sababu jirani alimwambia tina huondoa kila kitu.

Jirani hakudanganya. Tina huondoa kila kitu, na kwenye magari mengine hata rangi.

Ndiyo maana mimi huanza na rangi kabla ya kuigusa gundi. Magari mengi tunayoendesha Uganda yalitumika Japani kwanza, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, ndipo yakapanda huku. Toyota Premio ambayo haijaguswa bado ina rangi ya kiwandani, iliyookwa kwenye tanuri, na juu yake kuna klia, yaani tabaka la kung'aa lisilo na rangi, iliyoshikana sawasawa. Klia hiyo ni nyembamba, mikroni 40 hadi 50 hivi, lakini haiyeyuki ovyo. Gari lililogongwa kwenye foleni likapigwa rangi uani kwa mtu ni habari nyingine. Fundi akiwa ametumia rangi inayochanganywa na dawa iitwayo hadina, hakuna wasiwasi mkubwa, kwa sababu hadina huifanya rangi igande na haiwezi tena kurudi nyuma. Akiwa ametumia ile ya bei nafuu tunayoiita NC, rangi hiyo ilikauka kwa tina kuruka hewani, basi. Irudishie tina hata baada ya miaka mitano, nayo inageuka uji.

Kujua ni ipi, chukua kitambaa cheupe, kitie tone la tina, kisha gusa ukingo wa chini wa buti lenyewe, mahali pasipoonekana. Usipimie ndani ya mlango, maana huko mara nyingi rangi ya kiwandani bado ipo hata kama buti zima limerudiwa. Kitambaa kikitoka na rangi, au pakianza kunata, umepata jibu. Mama mmoja aliniletea gari la rangi ya fedha, nikamuuliza, "Mama, buti hili limewahi kupigwa rangi?" Akasema, "Hapana mwanangu, liko vilevile lilivyotoka Japani." Kitambaa kikatoka kinang'aa fedha. Hakuwa anasema uongo, aliyemuuzia ndiye aliyeujua ukweli.

Sasa tuje kwenye gundi. Inayobaki huwa ya aina mbili kwa pamoja: sponji ya tepu na utando wa gundi chini yake. Kabla ya chochote, osha pale kwa maji mengi na sabuni. Vumbi letu jekundu la maramu hukaa kwenye kingo za tepu, na ukianza kusugua bila kuosha, unasugua kwa msasa. Mikwaruzo mingi ninayoletewa eneo la nembo ilisababishwa na vumbi hilo, wala si dawa yoyote.

Sponji huondoka kwa joto na kidole gumba. Kama huna draya ya nywele, liache gari juani saa sita mchana, jua la Kampala linatosha, hasa kwa gari jeusi. Bati likishapata moto, bonyeza sponji kwa kidole na uisukume polepole upande mmoja. Itajikunja na kutoka kama mkate wa ngano ulioloa. Kidole kikichoka, tumia kadi ya plastiki, ile ya benki iliyokwisha muda. Bisibisi iache kwenye boksi.

Kisha lihamishie gari kivulini, bati lipoe. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Kwa utando uliobaki mimi hutumia tapentaini ya madini, au mafuta ya taa kama ndiyo yaliyopo. Petroli inafanya kazi, lakini inaruka kabla haijaingia kwenye gundi, na katika gereji yenye watu wanaochomelea vyuma sitaki kuiona kwenye kopo la wazi. Loanisha kitambaa, kilaze juu ya gundi, kiache dakika kadhaa. Gundi itavimba na kupoteza rangi. Ukipitisha kidole sasa inajiviringa yenyewe. Isipojiviringa, rudia kulaza kitambaa, usiongeze nguvu. Kwa rangi ya NC, laza kwa muda mfupi zaidi na uchungulie kila mara. Mwisho osha kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya taa huacha ulaini ambao polishi haiupendi.

Kuna gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili. Linafaa sana kwa stika ndefu za pembeni na zile za kampeni ambazo kila baada ya uchaguzi watu huzikumbuka ghafla. Lakini linazalisha joto, na ukilisimamisha sehemu moja klia inaungua. Kwa rangi ya mtaani silitumii kabisa.

Baada ya gundi kwisha utaona kivuli cha nembo. Chini yake rangi ilijificha na jua, pembeni ilichakaa. Kama gari halina klia, kwa mfano pikapu nyekundu za zamani, piga komponde, ile dawa nzito ya kusugulia rangi: tabaka lililopauka linatoka na kivuli kinafifia sana. Kama lina klia na rangi yenyewe imepauka chini yake, komponde itang'arisha juu tu na kivuli kitabaki. Mwenye gari huwa namwambia hivyo kabla hajalipa, kwa sababu wapo mafundi watakaoisaga klia hadi iishe wakitafuta kitu ambacho hakiko juu.

Anayetaka kubandika nembo mpya, apige mstari kwa tepu ya karatasi kabla ya kung'oa ya zamani, vinginevyo atabandika kwa macho na itaenda upande. Apanguse kwa spiriti isiyo na mafuta, abandike kwenye bati kavu lenye uvuguvugu, abonyeze kwa nguvu. Tepu nzuri ya akriliki huchukua saa 72 kushika kikamilifu, kwa hiyo siku tatu hizo vijana wa kuosha magari wasipitishe maji ya presha pale.