Mtindio wa ubongo: mazoezi yaanzie kwenye kubadilisha nepi

Unataka kumbadilisha nepi mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kuumia ungali mchanga, lakini miguu imekaza na kupishana kama mkasi. Ukishika vifundo vya miguu na kuivuta itengane, inazidi kukaza. Mtoto hafanyi jeuri. Misuli ikivutwa ghafla hujikaza, na ubongo ulioumia hauwezi kuituliza.

Mlaze chali, umwekee khanga iliyokunjwa chini ya kichwa na mabega ili kidevu kiinamie kifuani. Kunja nyonga na magoti yake kuelekea tumboni. Mikono yako ishike mapaja karibu na magoti. Yumbisha makalio polepole, kulia na kushoto, mpaka uhisi misuli inalegea, ndipo utenganishe mapaja. Kisha mwambie, "Inua makalio", umsubiri. Hata akiinua kidogo tu, amefanya zoezi.

Kusubiri huko ndiko kunakosahaulika. Familia nyingi huhesabu tiba kwa siku za kliniki, mtaalamu anaponyoosha viungo vya mtoto. Kunyoosha kuna nafasi yake, ila mtoto hajifunzi kutumia mwili kwa kusogezwa na mtu mwingine. Hujifunza akitaka kitu, akakifuata, akakikosa, akarudia tena. Chagueni jambo moja dogo ambalo mtoto mwenyewe analipenda, mfano kushika kikombe chake, alifanye mara nyingi kila siku. Kikombe kikae mbali kidogo tu na mkono wake: kikiwa mbali mno anakata tamaa, kikiwa mkononi tayari hana la kujaribu.

Aliyeathirika upande mmoja huutegemea mkono mzima na kuusahau ule dhaifu. Mkono mzima unaweza kuvishwa soksi wakati wa mchezo, kwa muda atakaopanga mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), na mtu mzima awe karibu.

Kiti nacho ni tiba. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjike kwa nyuzi 90, nyayo zikanyage kitu kigumu. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili. Sehemu ya kukalia ikiwa ndefu kuliko mapaja, makalio huteleza mbele, mgongo hupinda na kichwa huanguka. Mkanda upite kwenye nyonga; ukifungwa kifuani peke yake, mtoto huteleza chini yake. Seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza, na hata maboksi yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa unga hutoa kiti imara. Mlishe akiwa ameketi hivyo. Kichwa kikilala nyuma, chakula huingia kwa urahisi kwenye njia ya hewa.

Anayeweza kushika shingo, mbebe mgongoni kwa khanga. Mapaja yake yatatanuka kiunoni mwako, na hilo ni jema kwa nyonga.

Tunachokataza kabisa ni kukanda kwa nguvu ili "kunyoosha" kiungo. Mifupa ya mtoto asiyesimama huwa dhaifu, huweza kuvunjika. Akilia kila unapotenganisha mapaja, paja moja likigoma kutanuka kuliko jingine, au mguu mmoja ukionekana mfupi, simamisha zoezi hilo umpeleke hospitali apigwe eksirei. Huenda nyonga inatoka mahali pake.