Je, wajua kwanini wanawake walianza kulipwa sawa na wanaume kwenye US Open, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani?

Ukimuuliza mtu atakwambia ni sababu mcheza tenisi wa kike Billie Jean King alimchapa yule mzee Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa tenisi ya wanaume. Wala, tarehe zenyewe zinakataa. Mechi ya Riggs ilipigwa Septemba 20, 1973 kule Astrodome, Houston, na siku hiyo US Open ya mwaka huo ilishaisha na bingwa wa kike alishabeba dola 25,000 zake, sawasawa na John Newcombe bingwa wa kiume.

Iko hivi. 1972 Billie Jean alichukua US Open akapewa dola 10,000, Ilie Nastase upande wa wanaume akapewa 25,000. Dada akasema mwakani hela zisipolingana mimi siji. Ila hakuishia kununa, na hapa ndo namkubali, alitafuta mdhamini akapata watengenezaji wa deodoranti ya Ban, ile ya kupaka kwapani, wakatoa dola 55,000 kuziba pengo. Sasa waandaaji wangesemaje na hela iko mezani?

Na walijua hatanii maana alishawahi kususa. 1970 mashindano ya Los Angeles yalipanga 12,500 kwa bingwa wa kiume na 1,500 kwa wa kike, basi wanawake 9, yeye akiwemo, wakaenda kucheza ya kwao Houston, kila mmoja kasaini mkataba wa dola 1, moja tu, huku wanajua chama cha tenisi cha Marekani kinaweza kuwafungia. Mdhamini wao alikuwa Virginia Slims, sigara! Juni 1973 Billie Jean akawakusanya wachezaji wa kike hotelini London, Betty Stöve, Mholanzi mwenye mwili wake, akawekwa mlangoni mtu asitoke mpaka waelewane. Ndo ikazaliwa WTA, chama cha wacheza tenisi wa kike.

Riggs je? Yule wa miaka 55 alishamfunga mchezaji mwingine wa kike, Margaret Court, mwezi Mei 6-2, 6-1, kwahiyo Billie Jean naye angepigwa watu wangeanza kuuliza hawa wanalipwa sawa kwa lipi. Akashinda 6-4, 6-3, 6-3, ndo akawafunga midomo.

Kinachonichekesha ni kwamba kwenye ile US Open ya kwanza ya hela sawa yeye alitoka raundi ya 3, alishindwa kuendelea na mechi. Zile 25,000 alizozipigania alizibeba nani? Margaret Court.