Elimu ya fani huria ni nini?

Ni mfumo wa shahada ambao mwanafunzi hasomei kazi moja tangu siku ya kwanza. Hupitia hisabati, sayansi, historia, fasihi na falsafa, kisha huchagua fani moja ya kuzamia. Marekani, ulikoenea zaidi, huchukua kwa kawaida miaka 4 na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) zipatazo 120. Usiufananishe na tahasusi za kidato cha tano kama HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Tahasusi hizo hukutenga na fizikia. Humu fizikia imo. Hata kati ya fani huria 7 zilizofundishwa Ulaya ya zama za kati, 4 zilikuwa za hesabu: hesabu yenyewe, jiometri, falaki na muziki.

Faida yake huonekana swali moja linapokataa kukaa ndani ya somo moja. Mfano ni sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na baadaye mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, yakatoweka au kuadimika. Mwanabiolojia atasema aliwala. Kweli, lakini pia maji yalichafuka kwa mbolea na udongo, majike ya furu yakashindwa kutofautisha madume kwa rangi, aina zikachanganyika. Nani aliamua kumpandikiza? Hapo unaingia historia ya ukoloni. Kwa nini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki Mwanza? Huo ni uchumi. Na ajira za viwandani zipimwe vipi dhidi ya samaki waliopotea? Mizani ya kilo haina jibu hapo.

Darasani, kwa mfano, watu 15 husoma kurasa chache kabla ya kipindi, na kila mmoja huandika ukurasa mmoja wenye dai, ushahidi, pingamizi na jibu. Panapoharibika sana ni kwenye pingamizi: wengi hubuni pingamizi legelege ili walishinde kirahisi. Mwalimu makini huirudisha kazi hapohapo, kwa sababu anayeweza kueleza hoja ya mpinzani hadi mpinzani mwenyewe akubali ndiye aliyeielewa, na ndiye anayeweza kubadili msimamo bila kuona aibu.

Ukiwa na darasa la watu 300 wanaokariri madesa (notisi za kunakiliana), kuongeza masomo ni kuongeza madesa tu. Kudonoa kozi nyepesi nako hakusaidii. Lazima fani moja uizamie.

Aliyekwisha kuingia kozi ya uhasibu au ualimu pale Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza, bado ana njia: kozi moja ya hiari nje ya fani yake kila mwaka, na kikundi cha watu 5 wanaosomeana ule ukurasa mmoja kila wiki.