Zanzibar sivyo tunavyoisimulia Kampala

Nikisema ndani ya taksi ya kwenda Bombo kwamba nimetoka kutembea Zanzibar, ubishi huwaka kabla hatujafika Kawempe. Mmoja atasema ile ni nchi. Wa pili atamcheka: ni mkoa tu, kama Mwanza. Wa tatu ataingiza majini. Ya majini siyajui, ila hayo mengine tuyazungumze.

"Ni nchi kamili." "La, ni mkoa tu."

Wote wawili wamekosea. Zanzibar ilipata uhuru kwa Mwingereza tarehe 10 Desemba 1963, serikali ya Sultani ikapinduliwa 12 Januari 1964, na 26 Aprili mwaka huohuo visiwa vikaungana na Tanganyika. Katika Muungano huo Zanzibar ina serikali yake: rais wake, Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu, na tangu 2005 bendera yake. Jeshi, uraia, sarafu na mambo ya nje ni ya Muungano. Kwa hiyo hakuna shilingi ya Zanzibar, wala pasipoti ya Zanzibar.

Lakini ukishuka boti pale Malindi, bandari ya Zanzibar, utaelewa kwa nini watu huchanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimegongewa mhuri Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, nikavuka Tanzania nzima kwa basi, nikalala Dar, nikapanda boti, safari ya saa mbili hivi. Nafika, afisa wa uhamiaji anataka pasipoti tena. Akapekua kurasa mpaka akaupata ule mhuri wa Mutukula, akaniuliza nakaa siku ngapi na nafikia kwa nani. Nilitaka kumwambia mbona sijatoka Tanzania, nikaona nimeze mate. Kila mwenye nyumba ana mlango wake.

Mpira ndio unaoonyesha utata huu vizuri zaidi. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama, na Julai mwaka huohuo ikaitoa, kwa hoja kwamba si nchi huru. Ila kwenye CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, inacheza kwa jina lake, na wazee wa uwanja wa Nakivubo, Kampala, hawapendi kukumbushwa kwamba kombe la 1995, lililochezewa hapahapa Uganda, liliondoka na Wazanzibari.

"Ni kisiwa kimoja."

Ni visiwa vingi. Vikubwa ni Unguja na Pemba. Hoteli, Mji Mkongwe na picha zote unazoziona kwenye simu ni za Unguja. Karafuu nyingi ni za Pemba, na Mpemba ukimwita Muunguja atakusahihisha papo hapo, kama kwetu Uganda mtu wa Toro anavyokusahihisha ukimwita Munyankole, jirani yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 visiwani kote.

"Okello wetu aliitawala Zanzibar."

Hii naipenda, kwa sababu ina nusu ya ukweli. John Okello alikuwa mtu wa kabila la Lango, kaskazini mwa Uganda. Alipita Kenya akifanya vibarua, akafika Pemba 1959, kisha Unguja. Usiku wa mapinduzi alikuwa miongoni mwa waliowaongoza vijana, na sauti iliyotangaza redioni ikijiita Fildi Masho (Field Marshal) ilikuwa yake. Urais hakuupata hata siku moja. Rais wa kwanza alikuwa Abeid Amani Karume. Kabla 1964 haijafika katikati Okello alikuwa ameshafukuzwa visiwani, na habari zake zinapotea 1971, Amin akiwa madarakani.

Kuna Waganda wanaofika kule na jina hilo mdomoni kama tiketi. Ushauri wangu: usijigambe nalo kwenye baraza usiyoijua. Mapinduzi yale waliuawa watu wengi, na mzee anayekukaribisha kahawa hujui siku ile alimpoteza nani au alikuwa upande gani.

"Kitambulisho kinatosha, sote ni Afrika Mashariki."

Kitambulisho cha taifa kinakufikisha Nairobi na Kigali. Mutukula hakikupitishi; beba pasipoti au hati ya muda ya safari. Viza hatulipi. Kadi ya njano ya chanjo usiisahau, maana sisi tunatoka nchi yenye homa ya manjano.

"Ni kwa wazungu na matajiri tu." Hoteli za pwani ya kaskazini, naam. Lakini daladala zipo, na jioni pale bustani ya Forodhani utakuta kinachoitwa pizza ya Zanzibar: unga umetandazwa mwembamba, nyama ya kusaga, kitunguu na yai ndani, ukakunjwa na kukaangwa kwenye chuma bapa. Ni binamu wa roleksi yetu, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, amevaa kanzu. Mwezi wa Ramadhani, lakini, kula hadharani mchana kunaweza kukuletea polisi, hata kama wewe si Mwislamu.

"Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikaugua Kenya, kikafia Uganda."

Mzaha huu tumeusikia mpaka umechuja, na wengine Kampala wanauamini kabisa. Wakikutana na Mzanzibari wanageukia Kiingereza kwa aibu. Kiswahili ni lugha ya pwani nzima, na tenzi za kale zimetoka Pate, Lamu na Mombasa. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi ya kukisanifisha 1930 ilikuwa na Uganda ndani yake. Nasi tangu 2005 Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Maiti gani hiyo isiyozikika?

Siku moja mwenyeji wangu, kijana wa Mji Mkongwe ambaye alikuwa amenisahihisha ngeli tangu asubuhi, alinipeleka Makunduchi, kusini mwa Unguja. Wazee wawili walikuwa wamekaa chini ya mti wakisuka dema, mtego wa samaki, na wakizungumza lahaja yao wanayoiita Kikae. Nilitega sikio nikaambulia neno moja moja.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. "Wallahi kaka, hata mimi nabahatisha."